Upepo katika Tairi la Skuta ya Umeme

Tairi la gari dogo la abiria kwa kawaida hujazwa upepo hadi kufikia pauni 30 au 32 hivi kwa kila inchi ya mraba. Tairi la skuta ya umeme, ambalo kipenyo chake kinazidi kidogo tu urefu wa penseli mpya, hutakiwa lijazwe hadi pauni 45, na mara nyingi 50. Mwanafunzi anayekutana na tarakimu hizi kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mchapaji amezigeuza. Fundi wa pancha naye, ambaye mkono wake umezoea magari na pikipiki, akiletewa skuta hiyo huitazama, huona ni chombo kidogo, akaitia pauni 30 kwa nia njema kabisa. Baada ya siku chache mwenye skuta hurudi kwake akiikokota.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tarakimu hizo ni sahihi, na kwa nini tairi dogo hudai kupimwa mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Fizikia inayohitajika haizidi ile inayofundishwa katika shule za sekondari. Tena ni fizikia ambayo mwalimu aweza kuionyesha uani kwa kutumia baiskeli, pampu na karatasi ya miraba.

Kwa skuta ya umeme nakusudia kile chombo chenye magurudumu mawili madogo, ubao wa kusimamia na usukani mrefu, kinachoendeshwa kwa mota na betri. Si ile ya kukalia ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Vespa. Ili tuwe na mfano mmoja wa kushika, tuchukue skuta ya Xiaomi M365, iliyotolewa China mwaka 2016, ambayo umbo lake limeigwa na viwanda vingi tangu hapo. Tungamo lake ni kilo 12.5, mwendo wake wa juu ni kilomita 25 kwa saa, na mzigo wake haupaswi kuzidi kilo 100. Tairi lake lina kipenyo cha inchi 8.5, yaani sentimita 21.6, na ndani yake mna mpira wa kutia upepo kama wa baiskeli. Watengenezaji wanataka mpira huo uwe na pauni 45 hadi 50.

Kanieneo na mzigo

Watu wa kwetu husema tairi “lina upepo” au “limekosa upepo”. Mwalimu mkali wa lugha angeweza kulalamika kwamba upepo ni hewa inayokwenda, ilhali hewa ya ndani ya tairi imetulia. Mimi sina ugomvi na neno hilo. Tukiitazama hewa hiyo kwa jicho la molekuli, haikutulia hata kidogo: molekuli zake zinakwenda huku na huko kwa mwendo wa mamia ya mita kwa sekunde, na kila moja inapougonga ukuta wa mpira huusukuma. Jumla ya misukumo hiyo, ikigawanywa kwa eneo linalosukumwa, ndiyo kanieneo.

Kizio cha kanieneo katika mfumo wa kimataifa ni paskali, yaani nyutoni moja kwa kila mita ya mraba. Jina hilo lilipitishwa mwaka 1971 kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal. Paskali ni kizio kidogo mno kwa kazi yetu, kwa hiyo tutahesabu kwa kilopaskali. Geji za mafundi bado husoma pauni kwa inchi ya mraba, na baadhi yake husoma baa. Pauni 50 ni sawa na kilopaskali 345, au baa 3.4. Afadhali mwanafunzi aikariri ulinganifu huu mmoja, maana nimeona geji zenye duara mbili za namba, nyeusi na nyekundu, zikisomwa bila ya msomaji kuuliza ni ipi ya nini.

Sasa na tuupime mzigo. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya skuta yetu, jumla ni kilo 82.5, na uzito wake ni nyutoni 808 hivi. Magurudumu hayagawani mzigo huo sawasawa, kwani mpandaji husimama karibu zaidi na gurudumu la nyuma. Tuchukulie kwamba gurudumu la nyuma linabeba asilimia 60, yaani nyutoni 485. Ni kitu gani kinachozibeba nyutoni hizo? Kwa sehemu kubwa ni hewa iliyomo ndani, ikiisukuma ardhi kupitia kile kipande cha tairi kinachogusa chini. Kanieneo ya kilopaskali 345 ni nyutoni 34.5 kwa kila sentimita ya mraba. Tukigawanya 485 kwa 34.5 tunapata sentimita za mraba 14. Eneo hilo halifikii uso wa kiberiti cha kawaida.

Upepo ukipungua hadi pauni 25, mzigo haupungui. Kwa kuwa kila sentimita ya mraba sasa inasukuma kwa nusu ya kani ya awali, tairi halina njia nyingine ila kubonyea mpaka eneo linalogusa ardhi liongezeke mara mbili na kufikia sentimita za mraba 28. Hapa ndipo udogo wa gurudumu unapokuwa na madhara. Gurudumu kubwa likibonyea kidogo tu hupata eneo refu la kugusia, kwa sababu duara lake ni pana. Gurudumu dogo limejikunja mno, nalo hulazimika kubonyea sana ili lipate eneo lile lile. Kwa tairi letu, hesabu ya jiometri ya duara inaonyesha kwamba kwa pauni 50 hubonyea milimita 4 hivi, na kwa pauni 25 karibu milimita 9. Tairi la gari likibonyea milimita 9 hakuna anayeona, kwani kutoka barabarani hadi kwenye rimu pana nafasi ya kutosha. Katika skuta nafasi hiyo yote ni sentimita chache tu.

Na hesabu hiyo ni ya skuta iliyosimama kwenye sakafu laini. Barabara zetu zina mashimo, na mashimo yana kingo. Gurudumu likigonga ukingo wa lami kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mzigo wote, pamoja na kani ya mgongano wenyewe, huangukia mstari mwembamba. Tairi lenye upepo wa kutosha hubonyea na kurudi. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea mpaka mwisho: ukingo wa lami huubana mpira wa ndani dhidi ya ukingo wa rimu, kama chawa abanwavyo kati ya kucha mbili. Mpira hukatwa pale pale. Fundi mzoefu huitambua ajali hii akishautoa mpira na kuutia majini, kwa kuwa mapovu hutoka katika matundu mawili yaliyokaa sambamba, moja kwa kila upande wa rimu. Tundu moja ni la msumari au mwiba. Mawili sambamba ni ya upepo mdogo. Mwenye chombo akiambiwa hivyo huona analaumiwa, lakini ushahidi upo mkononi mwa fundi.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mpandaji wa skuta amesimama wima juu ya magurudumu yasiyofika kimo cha goti lake. Gurudumu la mbele likikosa upepo ghafla katika kona, usukani hulegea na hana kiti wala tangi la kubana kwa mapaja. Pancha ya gari huleta usumbufu. Pancha ya skuta huweza kumlaza mtu barabarani mbele ya daladala. Kuhusu kupakia abiria wawili kwa mtindo wa mshikaki kama wafanyavyo bodaboda, hesabu ya hapo juu inatosha: watu wawili wa kilo 70 wamekwisha pita kilo 100 zilizoruhusiwa, na tairi la nyuma halina pa kuupeleka mzigo huo ila kwenye rimu.

Kwa nini lisiwe la mpira mtupu

Msomaji atauliza: ikiwa hewa ina matatizo yote haya, kwa nini tusitumie tairi la mpira mtupu, lisilohitaji upepo wala geji? Matairi hayo yapo, na mengine hutobolewa matundu ubavuni ili yapate ulaini kidogo. Walioyapanda kwenye barabara ya changarawe hawahitaji maelezo marefu. Mpira mtupu haubonyei vya kutosha, na kila jiwe hupeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye magoti ya mpandaji, kwenye bolti za chombo na kwenye miunganisho ya waya za betri.

Suala hili lilikwisha jadiliwa kabla ya kuwapo kwa magari. Mhandisi wa Uskochi, Robert William Thomson, alipata hataza ya gurudumu la hewa mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 23. Aliyafunga magurudumu yake katika magari ya farasi, yakaenda kwa ulaini na kwa ukimya, lakini hayakupata soko, na wazo lake likasahauliwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza kwa kitu kile kile, baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya hewa kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba Thomson alimtangulia, na hataza ya Dunlop ikabatilishwa. Hata hivyo ni jina la Dunlop lililobaki midomoni mwa watu, na valvu za baiskeli nyingi mitaani kwetu bado zinaitwa kwa jina lake. Safari hii soko lilikuwapo: baiskeli zilikuwa zimeenea, na waendeshaji walikuwa wamechoka kutikiswa na mawe ya barabara.

Hewa, basi, ni springi nyepesi kuliko zote. Wepesi wake tutauona sasa hivi kwa tarakimu.

Gramu tatu na nusu

Watu wengi huchanganya kanieneo na wingi wa hewa, na kosa la yule fundi wa pauni 30 linatokana na hapo. Huona tairi dogo, akafikiri kwamba linahitaji “upepo kidogo”. Amekosea kuhusu kanieneo, ila kuhusu wingi amesema kweli kuliko anavyojua.

Nafasi iliyomo ndani ya mpira wa skuta yetu, ukiihesabu kama bomba lililokunjwa duara, ni lita 0.65 hivi, chupa ya soda ya kawaida, ile ya kioo, ni karibu nusu ya hapo. Ndani ya tairi la gari dogo mna lita 30 hivi. Katika halijoto ya nyuzi 27, hewa yote iliyomo katika tairi la skuta lenye pauni 50 ina tungamo la gramu 3.4. Katika tairi la gari lenye pauni 32 ni zaidi ya gramu 110. Hewa inayomzuia mtu wa kilo 70 asiguse rimu ina tungamo dogo kuliko sukari ya kijiko kimoja cha chai.

Mwenye akiba ndogo hufilisika kwa matumizi madogo. Tuseme kila unapobandika geji kwenye valvu, sentimita za ujazo 50 za hewa huponyoka kwa ule mlio wa “sss” tunaoujua sote. Katika tairi la gari upungufu huo haufiki hata sehemu ya kumi ya pauni moja. Sindano ya geji haiuoni. Katika tairi la skuta ni pauni nzima na zaidi. Tena valvu ya skuta hii imejificha kati ya rimu na kitovu cha gurudumu, na mara nyingi hapana budi kutumia kimpira cha kuungia ili kuifikia. Kimpira hicho nacho hujazwa na hewa itokayo katika tairi. Ikiwa ndani yake mna sentimita za ujazo 20, basi kwa kuunganisha tu umekwisha punguza pauni moja na nusu. Kwa ajili hiyo anayepima mara tatu mfululizo ili “kuhakikisha” hupata majibu matatu tofauti, kila moja chini ya lililotangulia, akailaumu geji. Geji haina kosa. Kipimo chenyewe kinakula kitu kinachopimwa, jambo ambalo wanafunzi wa kidato cha juu watalikuta tena watakapopima volti kwa mita isiyofaa.

Dawa yake ni kupima mara moja, kwa mkono mwepesi, na kama kimpira cha kuungia kimetumika, kuijaza hewa iliyopungua hapo hapo kwa pampu yenye geji yake, bila ya kuchomoa na kuchomeka upya.

Udogo wa akiba una upande wake wa pili, nao ni wa hatari zaidi. Kulipandisha tairi letu kutoka pauni 35 hadi 50 kunahitaji hewa ya nje isiyofika lita 0.7. Kompresa ya kituo cha mafuta inayotoa lita 100 kwa dakika huimaliza kazi hiyo kwa muda usiofika nusu sekunde. Fundi aliyezoea kuhesabu moja, mbili, tatu, nne kwenye tairi la gari, akifanya hivyo kwenye skuta, atalipasua. Kwa kuwa valvu ya skuta hii ni ile ya Schrader, sawa na ya gari na ya pikipiki, mdomo wa kompresa huingia bila ya shida, na hapana kinachomzuia. Mimi napendelea pampu ya mguu au ya mkono. Pampu yenye silinda ya kipenyo cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 40 huongeza pauni sita hivi kwa kila msukumo mmoja, kwa hiyo misukumo miwili kutoka 35 yakaribia kutosha. Msomaji na aihakiki tarakimu hiyo kwa kanuni ya Boyle, iliyochapishwa mwaka 1662.

Hewa hupungua hata kama hapana tundu. Molekuli hupenya ukutani mwa mpira wenyewe, kama zinavyopenya puto la sherehe likaamka asubuhi limesinyaa. Mpira wa asili, ule utokao kwenye utomvu wa miti, hupitisha hewa kwa urahisi. Mpira wa butili, uliobuniwa Marekani mwaka 1937, hupitisha kidogo sana, na ndio maana mipira ya ndani iliyo mizuri hutengenezwa kwa butili. Lakini kasi ya kupungua kwa kanieneo hutegemea pia uwiano baina ya eneo la ukuta na wingi wa hewa iliyomo. Tairi dogo lina ukuta mwingi kwa hewa kidogo, tena lina kanieneo kubwa inayoisukuma hewa hiyo itoke. Gari laweza kukaa mwezi mzima bila ya kupimwa na lisidhurike. Kwa skuta napendekeza mara moja kila juma.

Mota hailalamiki

Kwa nini mpandaji asitambue mwenyewe kwamba upepo umepungua? Mwendesha baiskeli hutambua, kwa sababu miguu yake humwambia. Tairi linapobonyea na kunyooka katika kila mzunguko, mpira hujikunja na kujikunjua, na sehemu ya nishati iliyotumika kuukunja hairudi bali hugeuka joto. Kadiri upepo unavyopungua ndivyo mkunjo unavyozidi. Mwenye baiskeli huichukia kazi hiyo ya ziada kwa kuwa anaifanya yeye. Katika skuta inafanywa na mota, nayo huchukua mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye betri kimya kimya.

Tuchukulie, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba ukinzani wa matairi ni nyutoni 12 yakiwa na upepo wa kutosha, na kwamba unapanda hadi 16 upepo ukipungua. Ukinzani wa hewa kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni nyutoni 11 hivi. Jumla imetoka 23 ikafika 27. Betri ambayo ingempeleka mtu kilomita 20 sasa itamfikisha 17, na kilomita tatu zilizobaki atazitembea akisukuma. Wengi hapo huenda kununua betri mpya.

Wala kidole gumba si kipimo. Kwenye baiskeli, ambayo tairi lake ni jembamba na laini, kubonyeza kwa kidole kunaweza kumpa mzoefu fununu fulani. Tairi la skuta lina mpira mnene uliokunjwa katika duara dogo, na huhisi gumu hata likiwa na pauni 25. Anayetegemea kidole atasema limejaa, na atalisema hilo kila siku mpaka siku ya pancha. Geji ndogo ya mkononi ni ya bei nafuu kuliko mpira mmoja wa ndani na ufundi wa kuubadilisha, na yeyote aliyewahi kulitoa tairi gumu la inchi 8.5 kwenye rimu yake ataniunga mkono.

Jua, baridi na mlima

Wakati wa kupima una maana yake. Tuchukue tairi lenye pauni 50 katika kivuli cha nyuzi 27 asubuhi. Skuta ikaachwa juani kwenye lami mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 57. Kwa kuwa nafasi ya ndani haibadiliki sana, kanieneo hupanda kwa kadiri ya halijoto, ila ni lazima tuhesabu kwa kelvini na kwa kanieneo kamili, yaani ile ya geji pamoja na kilopaskali 101 za angahewa. Kilopaskali 446 zikizidishwa kwa 330 na kugawanywa kwa 300 ni 491. Ukitoa 101 hubaki 390, ambazo geji itazisoma kama pauni 56 na nusu.

Mwenye skuta akiona hivyo hushtuka, akaibonyeza valvu na kutoa hewa mpaka geji isome 50. Jioni, tairi likisha poa, litakuwa na pauni 44 tu, chini ya kiwango cha mtengenezaji. Kwa hiyo hewa isitolewe katika tairi lililopata moto. Lipimwe asubuhi, kabla ya safari, likiwa kivulini. Katika miaka niliyokaa Ulaya kaskazini kwa masomo ya uzamivu, jambo hili nililiona likigeuzwa: tairi lililojazwa pauni 50 ndani ya nyumba yenye nyuzi 20 hushuka hadi pauni 44 na nusu likitolewa nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, na wenye vyombo hulaumu mpira.

Wanafunzi hupenda pia kuuliza kuhusu mwinuko. Tairi lililojazwa pauni 50 Dar es Salaam likapelekwa Arusha, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, litasomeka pauni mbili zaidi ikiwa halijoto ni ile ile, kwa sababu geji hulinganisha ndani na nje, na nje kumepungua. Nyongeza hiyo si ya kuhangaikia.

Kuzidisha nako kuna hasara yake. Tairi lililovimba kupita kiasi hurukaruka, hushika barabara kwa eneo dogo mno, na huteleza kwenye mchanga. Mtu mwepesi, tuseme mwanafunzi wa kilo 50, ataona pauni 45 zinamfaa. Mwalimu wake wa kilo 85 aziache 50. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni ile ya mwisho isiyopaswa kuvukwa, nayo isidhaniwe kuwa ndiyo inayopendekezwa kwa kila mtu.

Zoezi la uani

Shule isiyo na skuta itumie baiskeli. Gurudumu moja liwekwe juu ya mizani ya kupimia watu, na lile la pili juu ya matofali yenye kimo sawa na mizani, kisha mwanafunzi akae kitini na mzigo usomwe. Halafu tairi lipakwe vumbi la chaki iliyoloweshwa, liinuliwe na kushushwa wima juu ya karatasi ya miraba ya rangi ya giza. Alama itakayobaki ihesabiwe miraba, na eneo lizidishwe kwa kanieneo ya geji. Hesabu haitalingana sawasawa na mizani, kwa kuwa ukuta wa tairi una ugumu wake na hubeba sehemu ya mzigo, na kwa kuwa mifereji ya tairi haigusi karatasi. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo. Zoezi lirudiwe kwa nusu ya upepo, na wanafunzi wajadili kwa nini tofauti inakua au inapungua.

Kisha, kwa muda wa mwezi mmoja, kanieneo isomwe kila Jumatatu asubuhi, magurudumu yote mawili, saa ile ile na mahali pale pale, bila ya kuongeza upepo isipokuwa kile kinachopotea katika kupima. Grafu ya kila gurudumu itateremka polepole. Mstari wa mmoja ukiteremka kwa kasi kuliko wa pili, kuna mahali panapovuja. Watu hukimbilia kuufungua mpira. Waanze na valvu, kwa tone la maji ya sabuni mdomoni mwake, na wangoje dakika moja waone kama povu litavimba.